Kabla Hujamshusha Ng'ombe wa Maziwa Malindi

"Anatoa lita ngapi?" Hilo ndilo swali la kwanza la kila mnunuzi, na mimi pia nililiuliza. Nikaambiwa ishirini. Nikalipa, Frisiani akashushwa kwa lori kutoka bara mwezi wa Februari, kaskazi imekaza. Wiki ya pili alikuwa anahema kutwa, ulimi nje, majani hataki. Ishirini zikawa sita. Wala muuzaji hakunidanganya: kule kwao kwenye baridi alizitoa kweli.

Kwa hiyo anza na joto, lita baadaye. Malindi hata usiku haupoi sawasawa, na ng'ombe akicheua mwili wake wenyewe hutoa joto. Akizidiwa hupunguza kula, na asipokula maziwa hayaji. Frisiani mwenye kilo 500 na zaidi ndiye huteseka kuliko wote. Jezi ni mdogo, hula kidogo, hustahimili zaidi, na maziwa yake yana mafuta karibu asilimia 5. Mwenye mkahawa wa chai huyajua akiyaona tu. Sahiwal, asili yake Punjab, ana ngozi iliyolegea na kupe hawamsumbui sana, ila maziwa yake si mengi. Mimi ningechukua chotara wa Jezi na Sahiwal anayetoa lita nane au kumi, nikalala usingizi.

Bora zaidi awe amezaliwa pwani hii hii. Ng'ombe aliyekulia mahali pasipo na kupe wengi hana kinga ya ndigana kali, na ugonjwa huo humuua mkubwa kwa wiki mbili tatu. Uliza kama alichanjwa. Chanjo yake hudungwa mara moja, basi. Hata hivyo endelea kumwogesha dawa ya kupe, maana kupe wana magonjwa mengine. Na ukiwa upande wa msitu wa Arabuko-Sokoke, fikiria mbung'o pia. Huko ng'ombe wa kufungiwa bandani ana nafuu kuliko anayezurura.

Siku ya kumtazama, nenda jioni, akamuliwe ukiona, kisha rudi alfajiri akamuliwe tena. Wako madalali wasiomkamua jioni ili mteja wa asubuhi akute kiwele kimejaa hadi kinang'aa. Mkono wa kwanza wa kila chuchu ukamulie kwenye kikombe cheusi: ukiona mabonge au damu, rudi nyumbani. Chuchu ziwe nne, zote zinatoa. Mfungue mdomo uhesabu meno: mawili makubwa ya mbele ni wa miaka miwili hivi, manane ameshakomaa, yaliyosagika ni bibi. Kama ana mimba, uliza alipandishwa lini na kwa mbegu ya aina gani, kwani mtamba mdogo akibeba ndama wa Frisiani huzaa kwa shida. Damu yake ipimwe ugonjwa wa kutupa mimba. Ugonjwa huo humpata hata binadamu anayekunywa maziwa mabichi.

Hayo yote ni bure kama nyumbani hakujawa tayari. Matete, yaani majani ya napia, yapandwe miezi mitatu au minne kabla, mvua za masika zikianza. Ng'ombe mmoja hula kilo 70 za majani mabichi kwa siku, na majani ya mti wa lukina kidogo husaidia. Maji yawe mbele yake saa zote, kwani maziwa kwa sehemu kubwa ni maji tu. Onja ya kisima chako kwanza, visima vyetu vingine ni chumvi tupu. Banda liezekwe kwa makuti, mabati yanachoma, na upande wa bahari uachwe wazi upepo upite.

Sasa ndiyo mlete, Julai au Agosti, kusi likivuma na jua limepoa. Asafiri usiku. Akifika apewe maji kwanza.