Hesabuni Uyoga wa Miombo Kabla ya Kugawa Vitalu vya Mkaa

Kamati ya maliasili ya kijiji inapopanga mavuno katika msitu wa miombo, kwa kawaida hupima unene wa miti na kuhesabu visiki, lakini hali ya uhai uliomo udongoni haiulizwi. Mtondoro, myombo, mkusu na mkongo huishi kwa ubia na fangasi wanaozivika ncha za mizizi yake: fangasi huipelekea miti maji na fosforasi, nayo huwalisha sukari. Uyoga wa manjano wenye mikunjo inayoteremka hadi kwenye shina, pamoja na ule unaotoa utomvu mweupe kama maziwa unapokatwa, huzaliwa na ubia huo. Uyoga wa kichuguu hutegemea mchwa, kwa hiyo uandikwe peke yake.

Tengeni viwanja vya meta 20 kwa 50, vingine katika msitu uliokomaa na vingine palipokwisha kuvunwa, penye udongo unaofanana, kisha mtie alama za rangi pembeni ili mwakani mrudi palepale. Kuingia mara moja na kutoka na kikapu kilichojaa si kupima, kwani kuna aina zinazochipua mvua zinapoanza, nyingine husubiri msimu ukolee, na nyingine hupitisha mwaka mzima bila kuonekana. Kiwanja kitembelewe kila wiki 1 au 2 wakati wa mvua, kwa misimu isiyopungua 3.

Kwa kila aina, andikeni mti ulio karibu, rangi, harufu na jina la wenyeji. Wanawake wachumaji, wanaojua uyoga upi hutoka chini ya mti gani, wawe wajumbe kamili wa kazi hii. Kofia moja ya uyoga ilazwe juu ya karatasi nyeupe na kufunikwa bakuli usiku kucha. Asubuhi mtakuta vumbi laini limechora mistari, na rangi ya vumbi hilo hutenganisha aina ambazo jicho lingezichanganya. Orodha hii isitumike kamwe kuamua uyoga unaolika.

Fedha zikipatikana, udongo wa sentimeta 10 za juu upelekwe maabara kusomwa vinasaba, kwa sababu fangasi wengi hawatoi uyoga unaoonekana. Chombo cha kuchimbia kioshwe kwa klorini kabla ya kuingia kiwanja kingine.

Vitalu vilivyovunwa vikionyesha aina chache kuliko msitu uliokomaa, punguzeni ukubwa wa kitalu, acheni miti mikubwa hai iliyotawanyika, msing'oe visiki, maana machipukizi yake huendelea kuwalisha fangasi, na tanuri lijengwe palipokwisha kuungua. Kitalu kisifunguliwe tena kabla viwanja vyake havijahesabiwa upya.