Kutunza kope za kubandika ili zivaliwe tena

Kope za kubandika huharibika zaidi mikononi kuliko machoni. Zikiwa zimevaliwa, hata kwa saa nyingi za harusi iliyoanza alasiri na kumalizika usiku wa manane, hakuna kinachozichosha sana. Zinazozimaliza ni zile dakika mbili za mwisho, mvaaji anaporudi nyumbani akiwa amechoka, akashika ncha za nywele na kuzivuta kwa mkupuo mmoja. Mkanda hupinda, nywele hung'oka kwenye mshono, na gundi ya leo hubaki imegandamana juu ya gundi ya wiki iliyopita. Kwa sababu hiyo maelezo yanayofuata yanakaa zaidi kwenye kuvua na kusafisha kuliko kwenye kuvaa.

Kope zinazofaa kurudiwa ni zile za mkanda mzima, yaani safu moja ya nywele iliyoshikizwa kwenye uzi mwembamba unaofuata ukingo wa jicho. Zile zinazopachikwa saluni moja moja juu ya kope za asili kwa gundi kali ya sianoakrilati haziingii hapa, kwa kuwa hupukutika pamoja na kope za asili, na mtu akitaka kuziondoa mapema anapaswa kumrudia fundi. Vile vifungu vidogo vya nywele chache navyo husafishika kwa taabu isiyolingana na bei yake. Katika kope za mkanda, mkanda mweusi wa pamba huvumilia kuvuliwa na kusafishwa kuliko mkanda wa plastiki unaong'aa kama uzi wa mshipi, ingawa huu wa pili hauonekani sana machoni. Anayenunua Kariakoo kwa nia ya kuvaa mara moja tu anaweza kuchukua wowote, lakini mwenye nia ya kurudia afadhali achague wa pamba.

Ni muhimu pia kujua nywele zenyewe ni za nini. Nyuzi za plastiki, ambazo ndizo nyingi sokoni, hustahimili maji na hubaki na mpindo wake. Manyoya ya mnyama na nywele za binadamu ni laini na hupendeza, lakini zikiloweshwa hupoteza mpindo, hivyo husafishwa kwenye mkanda peke yake. Ikiwa boksi halielezi chochote, zichukulie kuwa ni nywele halisi, kwa kuwa njia ya upole haidhuru aina yoyote.

Maandalizi ya kurudia huanza siku ya kwanza. Pima mkanda juu ya jicho, na ukizidi, punguza upande wa nje wenye nywele ndefu, kwa sababu upande wa ndani umepangwa ufupi kwa makusudi. Paka maskara kwenye kope zako za asili kabla ya kubandika, usiipake juu ya kope za bandia, maana maskara, hasa ile isiyoyeyuka kwa maji, ndiyo uchafu mgumu kuliko wote kuutoa bila kung'oa nywele. Gundi iwe nyembamba, na isubiriwe nusu dakika hadi dakika moja ianze kunata ndipo kope ziwekwe. Tumia gundi iliyotengenezwa kwa ajili ya kope. Wako wanaotumia gundi ya kubandikia rasta na wivingi, na wako waliothubutu kutumia supagluu. Hata tukiacha mkanda unaogeuka kuwa mgumu kama ukucha, hakuna kope yenye thamani ya jicho lililoungua. Mwenye mzio wa mpira, yule anayewashwa akivaa glovu za hospitali, asome boksi na kuchagua gundi isiyo na lateksi.

Kuvua kunahitaji subira. Osha mikono, kisha lowesha kipande cha pamba kwa maji ya vuguvugu au maji ya kuondolea vipodozi, ukikamue, na ukiweke juu ya jicho lililofumbwa kwa muda wa dakika moja hivi, hadi gundi ilegee. Kisha shika mkanda wenyewe, si nywele, kwenye pembe ya nje ya jicho, na uuvute taratibu kuelekea puani. Ukikutana na mahali panapogoma, usilazimishe; rudisha pamba, subiri tena, halafu endelea. Mafuta ya nazi hulegeza gundi vizuri sana, lakini mafuta hayo hayo yakibaki kwenye mkanda huzuia gundi ya safari ijayo kushika, kwa hiyo anayeyatumia awe tayari kuosha mkanda kwa makini zaidi. Wanawake wanaovua kope kabla ya udhu ili maji yafike kwenye ngozi na kwenye kope za asili hufanya kazi hii mara nyingi kuliko wengine, na kwao tofauti kati ya kuvuta kwa nguvu na kulegeza kwanza huonekana ndani ya wiki moja.

Baada ya hapo kuna gundi iliyobaki, na hii ndiyo kazi yenyewe. Laza kope juu ya tishu safi, kwenye meza yenye mwanga wa kutosha, mbali na sinki. Kwa ncha ya kidole bana mkanda usisogee, na kwa kibano kidogo cha nyusi shika ukingo wa utando wa gundi na uuvute kufuata urefu wa mkanda. Gundi ya mpira ikiwa imekauka vizuri hutoka kwa kipande kirefu. Ikiwa bado ni mbichi hunyumbuka na kuvuta nywele, na hapo ni bora kuiacha ikauke kwanza. Mabaki madogo yanayong'ang'ania hutolewa kwa kijiti cha pamba cha masikioni kilicholoweshwa maji ya kuondolea vipodozi, ukikisugua kwenye mkanda tu, kutoka upande mmoja hadi mwingine, bila kurudi nyuma na mbele. Kope za plastiki zilizochafuka sana zinaweza kulowekwa dakika tano kwenye kisahani chenye maji ya vuguvugu na tone la shampuu ya watoto, kisha zisuuzwe kwa maji safi. Mwisho, pitisha kwenye mkanda kijiti kipya chenye alkoholi ya asilimia 70, ambayo huua vijidudu vingi na pia huondoa ule utelezi wa mafuta, na uache mvuke wake uishe kabisa kabla ya kuzirudisha karibu na jicho.

Kukausha si jambo dogo kwa wakazi wa pwani. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, wakati wa masika, kope zilizowekwa kwenye boksi zikiwa na unyevu kidogo hukaa humo zikiwa na unyevu uleule, na boksi lililofungwa lenye joto na maji ni mahali pazuri pa ukungu. Ziache juu ya tishu kavu usiku kucha, chumbani na si bafuni, feni ikipuliza kwa mbali. Jua kali na mashine ya kukaushia nywele hukunja nyuzi za plastiki vibaya. Zikikauka, zichane kwa brashi safi ya maskara kutoka kwenye mkanda kuelekea nchani. Ikiwa mpindo umelegea, zungushia penseli tishu, laza mkanda juu yake kufuata mviringo, zungushia tishu nyingine juu na uache hadi asubuhi.

Trei iliyokuja na kope isitupwe, kwa kuwa mgongo wake wa mviringo umetengenezwa kulinda umbo la mkanda. Weka ya kulia kulia na ya kushoto kushoto. Ukichanganyikiwa, upande wenye nywele ndefu ndio wa nje. Chupa ya gundi nayo ina umri wake: tafuta kwenye lebo mchoro wa kopo lililo wazi wenye 6M au 12M, unaoonyesha miezi ya kutumia tangu kufunguliwa. Gundi iliyoanza kuvutika nyuzi au kubadilika harufu haisubiri mwezi huo.

Septemba 2018, Spika Job Ndugai alipowazuia wabunge wenye kope na kucha za bandia kuingia bungeni Dodoma, hoja iliyotajwa ilikuwa ya kiafya. Marufuku ile inaweza kubishaniwa, lakini hoja yake haibishaniwi pale kope zinaporudiwa bila kusafishwa, au zinapoazimwa. Kope haziazimwi, hata kwa dada, hata kwa bibi harusi aliyesahau zake. Ugonjwa wa macho mekundu, kama ule ulioenea Dar es Salaam na Mombasa mwanzoni mwa 2024, huhama kwa mikono na kwa vitu vinavyogusa macho. Aliyevaa kope huku jicho likitoa tongotongo au likiwa na chokea azitupe, pamoja na gundi na maskara aliyotumia siku hizo, na asivae nyingine hadi apone. Uvimbe, maumivu au ukungu wa macho usiopungua ni wa kupelekwa kwa daktari wa macho.

Hakuna idadi moja ya mara za kurudia inayofaa jozi zote. Angalia mkanda: ukikakamaa, ukipinda mawimbi au ukigoma kulala juu ya ukingo wa jicho, muda wake umekwisha. Nywele zikipungua upande wa ndani tu huku za nje zikiwa bado nzima, kata mkanda katikati kwa mkasi mdogo wenye makali, na nusu hizo za nje zivaliwe kwenye pembe za macho peke yake.