Somo: Namna ya kuchagua mahali pa kuwaona ndovu visiwani bila kuwaumiza

Chama chetu cha akiba kimeamua kwamba safari ya Desemba itakuwa ya Phuket, kisiwa kilicho kusini mwa Thailand, na uamuzi huo ulipopita tu, karibu nusu ya wanachama waliniuliza swali lile lile: tutapanda ndovu siku gani? Kwa kuwa mimi ndiye niliyepewa kazi ya kupanga safari, na kwa kuwa nimeongoza watalii hapa Nairobi kwa miaka mingi, nimeona heri niandike somo hili kwa utaratibu, ili kila mmoja wetu ajue anacholipia kabla hajatoa fedha yake. Wale wanachama watatu wanaofikiria kwenda Sri Lanka badala ya Phuket nao watapata lao humu.

Hatua ya kwanza: Anzia hapa nyumbani

Kabla ya kupanda ndege, nenda ukakitazame kituo cha Sheldrick Wildlife Trust kilichomo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, ambako ndovu yatima hulelewa na wageni hukaribishwa kwa saa moja tu kwa siku, kuanzia saa tano asubuhi hadi saa sita mchana. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1977, na mwanzilishi wake, Daphne Sheldrick, alihangaika miaka mingi kutafuta maziwa ambayo mtoto wa ndovu angeweza kuyanywa akaishi, kwa sababu mafuta ya maziwa ya ng'ombe yaliwadhuru watoto hao, mpaka ikagunduliwa kwamba mafuta ya nazi yanafaa badala yake. Siku hizi watoto wachanga hupewa chupa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, na walezi hulala nao zizini.

Ukiwa pale, usiishie kupiga picha. Tazama blanketi linalotundikwa ili mtoto mchanga aegemeze mkonga wake anaponyonya chupa, kama ambavyo angeuegemeza kwenye ubavu wa mama yake, kisha uangalie jinsi mkonga huo unavyolipapasa blanketi hilo pole pole mpaka maziwa yaishe. Tazama pia kwamba walezi hupokezana zamu. Sababu yake ni ya huzuni: katika miaka ya sabini Daphne alimlea mtoto mmoja aitwaye Aisha, ambaye alimzoea yeye peke yake, na alipoondoka kwa siku chache kwenda kumwoza binti yake, Aisha alikataa kula akafa. Nawaomba mlikumbuke jambo hilo tutakapofika hatua ya pili, maana mtoto wa ndovu akitengwa na anayempenda, hata uhai wake huwa hatarini.

Watoto hao hawafundishwi mchezo wowote. Wakikua hupelekwa Tsavo au msitu wa Kibwezi, na huko hujiamulia wenyewe lini watajiunga na ndovu wa porini, hata kama itachukua miaka.

Hatua ya pili: Fahamu ndovu wa kisiwani alifikaje huko

Phuket ina takriban kilomita za mraba 543, yaani ni ndogo kuliko Kaunti ya Nairobi, na haina ndovu wa porini. Ndovu mtakaowaona ni wa kufugwa, na wengi wao waliletwa kutoka bara. Kwa vizazi vingi ndovu wa Thailand walivuta magogo misituni, lakini baada ya mafuriko makubwa ya Novemba 1988 kuwaua watu wa kusini ambako milima ilikuwa imekatwa miti, serikali ilipiga marufuku ukataji wa magogo kibiashara mwaka 1989. Ndovu na watunzaji wao wakakosa kazi kwa mkupuo, na utalii ndio uliowapokea. Kisheria, ndovu wa kufugwa huko bado yumo katika sheria ya wanyama wa kazi ya mwaka 1939, pamoja na farasi, punda na nyati wa kulimia, ilhali ndovu wa porini analindwa na sheria ya wanyamapori.

Ndovu hakuumbwa akakubali mtu kukaa shingoni mwake. Ili akubali, njia iliyotumika kwa muda mrefu ni kumtenga mtoto na mama yake, kumbana katika kizuizi cha magogo, kumfunga miguu, kumnyima chakula na usingizi, na kumpiga mpaka aache kukataa. Waongozaji hutembea na fimbo fupi yenye kulabu ya chuma nchani, mfano wa upembo wetu wa kuangulia maembe, nayo hutiwa nyuma ya sikio, mahali ambapo ngozi ni laini.

Nilipokwenda kisiwani humo mara ya kwanza nilipanda ndovu katika kambi ambayo sitaitaja. Nilikaa juu ya kiti cha mbao kilichofungwa kwa kamba iliyopita chini ya mkia wake, na nilipoinama niliona kamba hiyo imeichubua ngozi ikawa nyekundu na yenye unyevu, na nzi wawili wametua hapo. Kijana aliyeketi mbele yangu hakuwa na fimbo. Alikuwa na msumari ameuficha kiganjani, na kila alipotaka ndovu ageuke aliubonyeza kwenye sikio. Safari ilidumu dakika ishirini. Nililipa, nikapigwa picha nikitabasamu, na picha hiyo sijaweza kuitazama tena. Ndiyo maana naandika haya.

Hatua ya tatu: Soma mgeni anaruhusiwa nini

Maneno kama hifadhi, makao ya uokoaji na utunzaji wa kimaadili hayazuiliwi na mtu; kambi yoyote yaweza kuyapaka rangi kwenye bango lake. Kwa hiyo liache jina, usome ratiba. Pakiwa na kupanda, kuchora picha kwa mkonga, kucheza mpira au kusimama kwa miguu miwili, basi kumekwisha, usiendelee kusoma. Pakiwa na kuoga pamoja na ndovu, hapo wengi hudanganyika, kwa kuwa huonekana ni jambo la upendo. Mimi nimefikia uamuzi kwamba hapo pia tusiende, na sababu zangu nimezieleza katika maswali hapa chini.

Mahali pazuri mgeni hukatazwa mengi: hutembea nyuma ya mtunzaji, husimama mbali au juu ya jukwaa, na huwatazama ndovu wakila, wakijipaka matope na wakisuguana, bila kuitwa. Mwaka 2016 Phuket Elephant Sanctuary ilifunguliwa huko Paklok ili kuwapokea ndovu waliozeekea kwenye magogo na kwenye kambi za kupanda, na kufunguliwa kwake kuliwaonyesha watu wa kisiwa hicho kwamba mgeni hulipa hata asipompanda mnyama.

Hatua ya nne: Andika, uulize, usubiri jibu

Kabla ya kulipa, waandikie. Uliza ndovu hulala wapi usiku, na kama amefungwa, mnyororo wake una urefu gani na umefungwa kwenye udongo au kwenye saruji. Uliza ni wageni wangapi huingia kwa siku, daktari wa wanyama yuko umbali gani, na ndovu akikataa kuja mbele ya wageni hufanywa nini. Swali hili la mwisho ndilo ninaloliamini kuliko yote. Anayejibu kwamba ndovu wake hawakatai kamwe, amekwisha kujibu. Uliza pia kama wanazalisha watoto, kwa sababu kituo kinachosema kinaokoa ndovu huku kila mwaka kikiwa na mtoto mpya wa kupigwa picha kina jambo la kueleza.

Hatua ya tano: Ukifika, tazama nyayo, matope na chakula

Ndovu mzima hula hadi kilo 150 za nyasi, matawi na magome kwa siku, na tumbo lake halinufaiki hata na nusu ya chakula hicho, ndiyo sababu hutafuna mchana kutwa na sehemu kubwa ya usiku. Anayeonyeshwa kwa wageni tangu asubuhi hadi jioni hana saa za kula. Ndizi na miwa wanayouziwa wageni ni peremende kwake. Kidogo si kitu, lakini vikapu ishirini kwa siku humnenepesha vibaya.

Angalia miguu. Ndovu anayesimama juu ya saruji yenye mkojo hupata nyufa na majipu kwenye nyayo na kuzunguka kucha, na maradhi ya nyayo ni miongoni mwa yale yanayowatesa sana ndovu wa kufugwa. Kisiwa chenye mvua nyingi huzidisha tatizo hilo, kwa maana ardhi isipokuwa na mteremko, mnyama hukesha ndani ya maji. Angalia ngozi pia: ndovu aliyekauka matope mgongoni yuko salama zaidi kuliko anayeng'aa kwa usafi, kwa kuwa matope humkinga na jua na wadudu. Ukimwona anayumba mbele na nyuma na kutikisa kichwa bila kukoma, msiseme anacheza ngoma. Hiyo ni dalili ya mnyama aliyefungwa muda mrefu.

Na ukiwa na kikohozi, baki hotelini. Ndovu huambukizwa kifua kikuu na binadamu.

Hatua ya sita: Kwa wanaokwenda Sri Lanka

Kisiwa hiki ni tofauti kabisa, kwa sababu kina ndovu wa porini. Hesabu ya mwaka 2011 iliwapata 5,879. Wakati wa kiangazi, hasa kati ya Julai na Oktoba, mamia yao hukusanyika kwenye nyasi zinazoota kandokando ya bwawa la Minneriya, ambalo lilichimbwa na mfalme Mahasena katika karne ya 3. Mwambieni dereva wa jipu mapema kwamba hamtaki asogee karibu wala aingie katikati ya mama na mtoto. Huko Udawalawe kuna kituo cha serikali kilichoanzishwa mwaka 1995, ambako yatima hunyweshwa maziwa huku wageni wakitazama kutoka jukwaani bila kuwagusa, na zaidi ya ndovu 100 waliolelewa humo wamekwisha kurudishwa porini. Ukitoka Nairobi utahisi uko nyumbani.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, kumwogesha ndovu kuna ubaya gani? Maji anayapenda mwenyewe.

Jibu: Ni kweli, dada yangu, anayapenda, lakini anapoyataka yeye. Kuogeshwa na makundi manne ya wageni kwa siku ni kazi kama kazi nyingine, na ndovu anayekubali kuzungukwa na watu asiowajua majini ni yule aliyefundishwa kutokataa. Lipo pia suala la usalama wetu. Januari 2025, katika kisiwa cha Koh Yao Yai kilicho karibu na Phuket, mwanafunzi kutoka Uhispania aliuawa na ndovu aliyekuwa akimwogesha. Mnyama mwenye uzito wa tani tatu akishtuka hahitaji kukusudia ubaya ili akuue.

Swali: Mbona ndovu wengi wa picha ulizotutumia hawana pembe? Wamekatwa?

Jibu: Hapana. Ndovu jike wa Asia hana pembe za kuonekana nje, tofauti na wetu. Sri Lanka hata madume wengi hawana.

Swali: Mnyororo ni ukatili siku zote?

Jibu: Kaka, hapa nitakwenda polepole. Ndovu dume hupatwa na majira ya ukali yanayodumu wiki kadhaa au zaidi, ambapo maji mazito humtiririka kutoka kwenye tezi iliyo kati ya jicho na sikio, na katika majira hayo hata mtunzaji wake wa miaka mingi humwogopa. Kisiwa kidogo chenye nyumba kila upande hakina pori la kumwachia. Mnyororo mrefu, mahali penye kivuli, maji na chakula, kwa kipindi hicho, unaweza kuokoa maisha. Ninaoukataa ni ule mfupi wa kila usiku kwenye saruji.

Swali: Tukisusia kupanda, hao watunzaji watakula nini? Sisi wenyewe tunajua utalii ukilala nyumba hulala njaa.

Jibu: Mzee wangu, swali hili ndilo zito kuliko yote, na mwaka 2020 ulilijibu kwa uchungu: wageni walipokoma kwa ajili ya korona, ndovu na watunzaji wao kaskazini mwa Thailand walitembea kwa miguu kurudi vijijini kwao kutafuta malisho. Kwa hiyo mimi sisemi tusiende. Nasema fedha tuliyotenga kwa ndovu tuipeleke yote, shilingi kwa shilingi, mahali ambapo mtunzaji analipwa kwa kumlinda ndovu. Mtunzaji aliyekuwa akishika kulabu ndiye huyo huyo anayejua ndovu wake anaumwa wapi. Ujuzi wake unahitajika zaidi mahali pazuri kuliko pabaya.

Swali: Mjukuu wangu ana miaka sita na nimemwahidi atamgusa ndovu. Nimwambie nini?

Jibu: Mama, mlete Jumamosi hii. Nimeweka nafasi zetu Sheldrick, kwa kuwa pale hapaingiwi bila kuziweka mapema, na tutapitia lango la Mbagathi, barabara ya Magadi. Tukutane hapo saa nne na nusu asubuhi. Msimamishe mbele kabisa, kwenye kamba, na umwambie asinyooshe mkono. Pengine mtoto wa ndovu atapita karibu akamnusa. Asipopita, atamwona akijitupa matopeni.