Kulitumia neno "worth" unapozungumza na mgeni

Mwongozo huu ni wa vijana wanaotembeza wageni Mji Mkongwe na wauza viungo wa Darajani. Kiingereza chao ni kizuri, ila neno hili huwakwamisha hata wazoefu.

Hatua ya 1: Matamshi. Mwishoni weka th ya thamani. "Worthy" ina dh ya dhahabu. Sauti zote mbili unazo tangu utotoni.

Hatua ya 2: Litenge na "cost". "Cost" ni pesa anayotoa mgeni, "worth" ni thamani ya kitu chenyewe. Kasha la njumu likiwa na thamani ya dola 300 nawe unaliuza 200, sema: "It costs 200 dollars but it's worth 300." Ukiyageuza, umemtajia bei ya juu. Na useme hivyo pale tu ambapo ni kweli.

Hatua ya 3: Kitenzi kinachofuata. Hapa usiende mbio. Sisi husema "inafaa kwenda kutazama", basi ulimi unateleza na kutoa "worth to visit". Hiyo "to" iondoe, kitenzi kivishe -ing. Kwa msitu wa Ngezi, kule Pemba, sema: "Ngezi is worth visiting." Usiongeze "it" mwishoni, maana Ngezi umeshaitaja mwanzo. Ukipenda kuanza na "it", Ngezi ndiyo inahamia nyuma: "It's worth visiting Ngezi." Zote mbili sahihi, shika moja mpaka ikae mdomoni, ndipo uchukue ya pili. Kuna na "worthwhile", ambayo "to" inaikubali: "It's worthwhile to visit Ngezi." Hiyo naifundisha siku nyengine kabisa, kwani zikienda pamoja zinachanganyana. Mgeni akiuliza "Is it worth it?", usimjibu "yes" kavu. Mpe sababu: "Yes, it's worth it. You can see the Pemba flying fox." Popo huyo asili yake ni Pemba tu, duniani kote hayupo kwengine, na mgeni anastahiki kuambiwa.

Kwa hatua hii programu ya kutafsiri kwenye simu iweke kando. Tumia kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza, inayokuonesha sentensi nzima, na uisome kwa sauti.

Hatua ya 4: Kipimo cha dukani. Karafuu za dola kumi ni "ten dollars' worth of cloves". Ukiandika kibandiko, alama ya juu ikae baada ya s. Ikiwa ni dola moja, "a dollar's worth", itangulie s.