SOMO: Kuku wa mayai wanalipa? Piga hesabu kwa trei, siyo kwa kuku

Karibu kila wiki napokea meseji ileile: "Nikifuga kuku 500 wa mayai nitapata faida kiasi gani?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo naweka yote hapa. Bei ninazotumia ni za mfano tu. Weka za kwenu.

1. Banda. Kuku 5 hadi 6 kwa mita moja ya mraba, sakafu ya saruji, maranda makavu, hewa ipite.

2. Vifaranga. Uliza kama wamechanjwa Mareksi (ugonjwa wa kupooza kuku) siku ya kwanza. Muuzaji akisitasita, tafuta mwingine.

3. Chanjo. Wengi huku Tanzania tunakwenda hivi: kideri (mdondo) siku ya 7, gumboro (ugonjwa unaoua kinga ya vifaranga) siku ya 14, kideri tena siku ya 21, gumboro tena siku ya 28, ndui wiki ya 6 hadi 8, kisha kideri kila miezi mitatu. Daktari wa mifugo wa eneo lako atakurekebishia.

4. Kulea mpaka wiki ya 18. Tulia hapa, maana hapa ndipo mabanda mengi yanapofungwa kabla ya yai la kwanza. Kuku mmoja hula karibu kilo 7 za chakula kabla hajaanza kutaga. Kuku 500 ni kilo 3,500, yaani mifuko 70 ya kilo 50, na muda wote huo hujauza chochote. Mtu ananunua vifaranga, anajenga banda zuri, na ikifika wiki ya 10 hela imekwisha. Anaanza kuongeza pumba kwenye chakula ili mifuko ifike mwezi ujao.

Usifanye hivyo. Kuku wa kahawia akifika wiki ya 18 anatakiwa awe na kilo 1.4 hadi 1.5. Akiwa chini ya hapo atachelewa kutaga, mayai yatakuwa madogo, na kilele chake cha kutaga kitakuwa kifupi. Kumlisha vizuri baadaye hakurudishi kilichopotea. Akichelewa wiki nne tu, amekula karibu kilo 3 bila yai hata moja. Nunua mizani. Pima kuku kadhaa kila wiki, siku ileile, na uandike. Wakitofautiana sana uzito, watenge wadogo wale peke yao. Na usiwaongezee saa za taa ili watage mapema kabla uzito haujafika: wanaweza kutoka kizazi ukawapoteza.

Kama hela ya mifuko 70 haipo mkononi, nunua vifaranga 200. Kundi dogo lililolelewa vizuri linakuzidishia mtaji. Kundi kubwa lenye njaa linaumaliza.

5. Hesabu yenyewe. Kuku 100 wanaotaga hula karibu kilo 12 kwa siku. Wakitaga mayai 80, gawanya kilo 12 kwa 80, zidisha kwa 30. Trei moja imekula kilo 4.5. Wakitaga 90 ni kilo 4. Wakitaga 50 ni kilo 7.2.

Tuseme chakula ni shilingi 1,000 kwa kilo na trei unauza 8,000. Kifaranga na chakula cha kulea ni kama 10,000 kwa kuku, naye hutaga karibu trei 10 mpaka wiki ya 72, kwa hiyo kila trei inabeba 1,000. Utagaji wa asilimia 80 unakubakizia 2,500 ya kijana wa bandani, umeme, dawa, usafiri na vifo. Utagaji wa asilimia 50 ni hasara ya 200 kabla hujamlipa mtu. Kuku ni walewale, banda ni lilelile.

6. Kuwaondoa. Siku trei inapokula chakula cha bei kubwa kuliko unayouzia trei yenyewe, uza kuku. Usiwaonee huruma.

MASWALI

Mwanachama, Morogoro: Mkuu nina milioni 2, nitapata faida ngapi kwa mwezi?

Soma hatua ya 4 na ya 5. Kwa bei hizo za mfano, usizidi kuku 150, na banda liwe lipo tayari.

Mwanachama, Morogoro: Ila mkuu kuna jamaa kasema kuku 100 wanatoa milioni kwa mwezi.

Kuku 100 wakitaga 90 kila siku ni trei 90 kwa mwezi. Kwa 8,000 ni 720,000, mauzo yote, chakula hakijatolewa. Mwambie huyo jamaa akuonyeshe daftari lake.

Mwanachama, Tanga: Dada, kipindi cha joto maganda yangu yanakuwa mepesi, yanapasuka kwenye trei. Chakula sijabadilisha. Tatizo nini?

Swali zuri. Joto likizidi kuku anakula kidogo, kwa hiyo hata chokaa ya mifugo iliyomo kwenye chakula anapata kidogo, na kule kuhema kunaharibu utengenezaji wa ganda. Lisha alfajiri na jioni, maji yawe ya baridi. Halafu fanya hivi: ganda hutengenezwa zaidi usiku, na chokaa ya unga hupita haraka tumboni. Jioni wape chokaa ya chembe, au magamba ya chaza yaliyopondwa, Tanga hamkosi. Chembe hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole usiku kucha. Fuatilia wiki mbili, utuletee majibu hapa.

Mwanachama, Iringa: Mimi nachanganya mwenyewe, mahindi ni ya shambani. Naokoa?

Unaokoa kama mahindi ni makavu kwelikweli, unyevu usizidi asilimia 13, na fomula imeandikwa na mtaalamu. Mahindi yenye ukungu yanaweza kuwa na sumukuvu. Inashambulia ini, utagaji unashuka, na wewe unahangaika kununua dawa. Yenye ukungu usiyachanganye hata kidogo.

Mwanachama, Dar: Nimewapa antibayotiki jana, mayai ya leo nauza?

Hapana. Soma muda wa kusubiri kwenye kibandiko cha dawa. Watoto wa watu wanakula hayo mayai.

Mwanachama, Tanga: Na samadi dada, inauzika?

Sana. Wakulima wa bustani wanaifuata bandani. Iache ioze kwanza, mbichi inaunguza miche. Pesa yake iandike kwenye daftari pia.