Mbao za ukutani kwa fremu ya duka Dodoma: ukavu kwanza, rangi baadaye

Swali la kwanza analouliza mwenye duka kwa muuza mbao huwa ni rangi: mninga au mtiki, iliyokolea au ya asali. Kwa Dodoma hilo liwe la mwisho. Kinachoharibu mbao za ukutani hapa mara nyingi ni ukavu wa hewa, kisha mchwa, kisha ukuta wenyewe. Ubao ulioingia dukani na maji yake utajikunja na kuachana na mwenzake hata ukipakwa vanishi ya bei gani.

Misonobari mingi inayouzwa mjini hutoka Mafinga na msitu wa Sao Hill, Mufindi, ikapakiwa kwenye lori na kupita Mtera. Huko juu ni baridi na unyevu. Hapa kiangazi, kuanzia Mei hadi Novemba, ubao ulioko ndani hukauka hadi unyevu wa takriban asilimia 8 hadi 10. Mvua zikikolea Januari hadi Machi hupanda tena kuelekea 12 au 13. Msonobari hupungua upana kwa takriban robo ya asilimia kila unyevu unaposhuka kwa asilimia moja. Chukua ubao wa milimita 150 uliopigwa ukutani ukiwa na asilimia 18. Ukifika 10 umepungua milimita 3. Ukuta wa mita 3 una mbao 20 za namna hiyo, na kila kiungo kitafunguka milimita hizo 3. Wateja watauona mstari mweusi wa ukuta katikati ya mbao, na fundi atalaumiwa kwa kazi ambayo kosa lake lilifanyika dukani kwa muuza mbao.

Kwa hiyo nenda kununua na kipima unyevu, kile cha pini mbili. Choma katikati ya ubao, kwa sababu ncha hukauka kwanza na kukudanganya. Usinunue mbao za kupiga mwezi huu kama zinasoma zaidi ya 14. Kama huna kipima, kata kipande cha kiganja kutoka katikati ya ubao mmoja, kipime kwenye mizani ya jikoni ya kidijitali, kiweke ndani ya oveni kwa nyuzi 100 na ukipime kila baada ya saa kadhaa mpaka uzito usishuke tena. Toa uzito wa mwisho kwenye wa mwanzo, gawanya kwa wa mwisho, zidisha kwa 100. Gramu 230 zikishuka hadi 200, ubao ulikuwa na asilimia 15.

Ukishanunua, usipige siku hiyo hiyo. Zipange ndani ya fremu yenyewe (si uani juani) juu ya vijiti vya inchi moja vilivyoachana sentimita 60, kijiti juu ya kijiti, na uzito kidogo juu. Wiki mbili ni kiwango cha chini kwa mbao zenye asilimia 14. Waliopanga fremu mpya hulalamika kwamba kodi inakwenda bure. Katika wiki hizo andaa ukuta na umeme.

Aina za mbao

Msonobari ndio rahisi kupatikana na rahisi kufanyia kazi. Tatizo lake la pili, baada ya maji, ni vifundo, yale macho ya mahali tawi lilipoota. Chini ya bati lisilo na dari joto hutoa utomvu kwenye kifundo, nao hupenya vanishi na kuacha doa linalonata kwenye nguo zilizotundikwa. Chagua mbao zenye vifundo vidogo vilivyoshikamana na ubao. Chenye duara jeusi pembeni kitadondoka.

Mninga ni habari nyingine. Hupungua kidogo mno ukilinganisha na mbao nyingine za kwetu, ndiyo maana unafaa maeneo makavu. Mtiki nao hutulia, na mwingi wa sokoni ni wa kupandwa. Kwa mninga na mkongo omba risiti na uulize kibali cha kusafirishia mazao ya misitu, kinachotolewa na TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Muuzaji anayezunguka swali hilo anakuuzia tatizo lake. Mkaratusi, hata ukiwa na bei nzuri, uache kwa kazi ya ukutani: hupasuka na kupinda ukikauka.

Kisha kuna mabamba ya kiwandani: plaiwudi, MDF (unga wa mbao uliobanwa kwa gundi), na MDF iliyobandikwa vinia (ganda jembamba la mbao) au melamini (ganda gumu lisilopitisha maji). Hayapungui kama mbao nzima, na kwa maduka mengi ya Dodoma ndiyo chaguo la akili. Bamba ni futi 8 kwa 4, yaani sentimita 244 kwa 122. MDF ya milimita 18 ina uzito wa kilo 40 hivi, kwa hiyo watu wawili kuibeba. Ya milimita 9 ni nusu yake. Adui wa MDF ni maji yanayoingia kwenye kingo: bamba lililosimama sakafuni linapodekiwa kila asubuhi huvimba chini, na likivimba halirudi. Kwa saluni, mgahawa au duka la dawa linalofutwa kila siku, nunua yenye melamini na uhakikishe kingo zote zimebandikwa ukanda.

Vipande vya plastiki vyenye sura ya mbao navyo vimejaa madukani. Mchwa hawavili na maji hayaviumizi, ila vikikaribiana na taa ya moto au bati la mchana hulegea na kujikunja. Vinafaa ukuta wa ndani wenye dari.

Tazama unachouza

Duka la viatu, vifuniko vya simu au mikoba linahitaji ukuta unaobeba mzigo. Hapo kuna MDF ya milimita 18 yenye mifereji ya mlalo ya kutundikia ndoano, kwa kawaida kila sentimita 10. Chukua yenye reli za alumini ndani ya mifereji. Bila reli, mdomo wa mfereji ni unga wa mbao uliobanwa tu: ndoano ndefu ya sentimita 30 yenye viatu ikivutwa na mteja, mdomo unavunjika, na hakuna namna ya kuuziba ukarudi. Reli zikiongezwa baadaye hazikai vizuri, hivyo amua mapema.

Mbele ya barabara ya vumbi, kama sehemu nyingi za Nkuhungu na Nzuguni, mifereji ya mlalo hukusanya vumbi kila siku ya upepo wa Agosti. Kama hutundiki bidhaa, chagua mbao laini au mistari ya wima inayofutika kwa kitambaa kimoja kutoka juu hadi chini.

Rangi sasa. Fremu nyingi zina upana wa mita 3, mlango mmoja mbele na hakuna dirisha. Mninga kwenye kuta zote tatu hunywa mwanga wote, na LUKU italipia taa mchana kutwa. Weka mbao zilizokolea ukuta wa nyuma, mahali jicho la mteja linapotua akiingia, na za pembeni ziwe nyeupe au za rangi hafifu. Duka la nguo liwe na hadhari zaidi: mwanga unaorudi kutoka mbao nyekundu hubadilisha jinsi rangi ya kitambaa inavyoonekana, mteja akitoka nje analiona gauni lina rangi nyingine.

Ukuta kabla ya mbao

Gonga lipu kwa mpini wa nyundo. Panapolia utupu, plagi ya skrubu haitashika. Angalia chini kabisa kama kuna unga mweupe wa chumvi au rangi iliyobanduka, dalili ya unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi. Bandika nailoni ya nusu mita kwa nusu mita, ziba pande zote kwa utepe wa gundi, iache siku mbili. Ikitoka na matone upande wa ukuta, usifunike ukuta huo kwa mbao mpaka ukauke. Lipu mpya nayo iachwe wiki 4 au zaidi.

Njia za udongo za mchwa zikionekana, zisipanguswe tu. Fuata zinakotoka, piga dawa kwenye nyufa za sakafu na maungio ya ukuta, subiri uone kama zinajengwa upya. Kwa fito za nyuma, zile zinazofungwa ukutani ili zibebe mbao, tumia mbao zilizotiwa dawa, lakini kata kipande utazame ndani: dawa ya kweli imezama, iliyopakwa kwa brashi ni ganda la kijani juu ya mbao nyeupe. Vipande vinavyobaki visipelekwe jikoni kuwashia moto, moshi wake una sumu.

Hesabu ya ukuta mmoja

Tuchukue ukuta wa nyuma wenye upana wa mita 3, unaofunikwa hadi kimo cha sentimita 244. Fito za inchi moja kwa mbili hupigwa mlalo, safu 7, kila sentimita 40. Kila safu ni mita 3, na ufito wa futi 12 una mita 3.66, hivyo fito 7 zinatosha na vibaki vyake vinaziba nyuma ya maungio. Skrubu za inchi 3 na plagi za milimita 8: sita kwa kila safu ni 42, nunua 50. Inchi 3 si anasa. Ufito unakula milimita 25, lipu 15 hivi, na kinachobaki ndicho kinachoshika tofali.

MDF ya milimita 9: mita 3 ni mabamba mawili na nusu, basi mabamba 3. Skrubu za inchi 1 kila sentimita 30, takriban 40 kwa bamba. Ukichagua mbao nzima zenye ulimi, yaani ukingo wa mmoja huingia kwenye mfereji wa mwenzake, pima upana unaoonekana baada ya ulimi kuingia. Ubao wa inchi 6 ukisharandwa huonekana kama milimita 130, si 150. Mita 3 gawanya kwa 0.13 ni 23 na ushee, basi 24; ongeza asilimia 10 za makosa na vifundo, nunua 27. Mbao nzima zikiwa nzito, tumia fito za inchi mbili kwa mbili na skrubu za inchi 4. Kwa MDF ya mifereji, fito ziwe wima, nne kwa kila bamba, kwa kuwa mifereji inakwenda mlalo.

Kupiga

Paka sila, ile ya kuziba vinyweleo vya mbao, nyuma, mbele na kwenye kingo zote kabla ya kupandisha. Hili ndilo mafundi wengi huruka. Ubao uliopakwa mbele tu hupoteza unyevu upande mmoja na kujikunja kama kigae. Msasa namba 120, kisha 180, sila, 240 kwa mkono mwepesi, ndipo laka ya kumalizia. Fungua milango yote; sila na laka vinawaka, na jiko la mkaa la jirani halipaswi kuwa karibu.

Simamisha fito kwa timazi na pimamaji, na jaza mabonde ya ukuta kwa kabari nyembamba nyuma ya kila skrubu. Ukuta ukiwa na tumbo na fito zikafuatishwa bila kabari, mbao nazo zitakuwa na tumbo. Anza ubao wa kwanza kwenye kona ulipopima wima. Acha milimita 10 kutoka sakafuni, uzifunike kwa skating (ubao mwembamba wa chini ya ukuta) inayofungwa kwa skrubu ili uweze kuitoa na kuchungulia mchwa mara moja kila miezi mitatu.

Kwa mbao zenye ulimi piga msumari mmoja tu kwa upana, upande wa ulimi. Ukipiga miwili, ubao unapopungua hauna pa kwenda, unapasuka katikati. Ukipiga Agosti, acha milimita 1 hadi 2 kila kiungo kwa sababu Februari zitavimba; ukipiga Februari, zibane. Mabamba ya MDF yaachiwe milimita 2 na yafunikwe kwa ukanda wa mbao.

Soketi na swichi zisogezwe mbele hadi uso wa mbao kwa boksi la nyongeza. Waya zote zipite kwenye bomba, na maungio ya waya yasizikwe nyuma ya mbao. Kazi hiyo mpe fundi umeme, si seremala.

Gundi moja kwa moja ukutani

Mafundi wengine hubandika mabamba kwa gundi, bila fito, kazi ikaisha jioni moja. Kwa aliyepanga fremu ni gharama iliyofichwa: siku ya kuhama bamba linatoka na lipu, na mwenye fremu atadai ukuta wake. Fito na skrubu huondoka bila ugomvi. Andika namba kwa penseli nyuma ya kila bamba kabla ya kulipandisha, kutoka kushoto kwenda kulia, na uweke picha za ukuta wa fito kwenye simu. Ukihama, unafungua kuanzia namba ya mwisho, unachomoa plagi, na kuziba matundu kwa saruji laini.