Namna ya Kukagua Uamuzi wa Kukataa Ombi la Hifadhi Nchini Kenya

Barua ya kukataliwa ikimfikia mwombaji unayemsaidia, angalia tarehe kabla ya jambo lingine lolote. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inampa mwomba hifadhi siku 30 za kukata rufaa mbele ya Kamati ya Rufaa kupinga uamuzi wa Kamishna wa Masuala ya Wakimbizi, kwa hiyo andika siku barua ilipopokelewa, kisha uanze kuisoma.

Isome ukitafuta sababu. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu ambaye haki yake imeathiriwa na hatua ya kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na kinasema mtu, si raia. Kauli kwamba maelezo ya mwombaji hayaaminiki haitoshi ikiwa haionyeshi ni maelezo gani na yana kasoro gani. Ikiwa sababu hazimo, ziombe kwa maandishi pamoja na nakala ya mahojiano na taarifa zote ambazo afisa alizitegemea. Lakini usikae ukingojea majibu huku siku zikiyoyoma, bali wasilisha rufaa na ueleze humo kwamba sababu zimeombwa.

Kazi kubwa iko katika kumbukumbu za mahojiano. Msomee mwombaji kila swali na kila jibu, mkisaidiwa na mtu anayeijua vyema lugha yake. Mtu wa Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, anayezungumza Kiswahili cha Bukavu, chenye Kifaransa ndani yake, anaweza kutafsiriwa na mkalimani aliyezoea Kiswahili cha Nairobi, miezi na majina ya ndugu yakavurugika, na mvurugiko huo ukaandikwa kwamba mwombaji amejipinga. Kwa kila tofauti iliyotajwa katika barua, tafuta ukurasa wake, kisha uangalie kama afisa alimweleza mwombaji tofauti hiyo na kumpa nafasi ya kuifafanua kabla ya kuamua. Kama hakufanya hivyo, umepata hoja ambayo mimi ningeitanguliza kuliko zote, kwa kuwa Kamati inaweza kuikubali hata kabla ya kuamua iwapo inayaamini masimulizi yote.

Hoja ya utaratibu iandikwe mbali na hoja ya ushahidi, kwa maana wengi huzichanganya na kuishia kulalamika tu kwamba hawakusikilizwa. Taja swali lililohusika, ukurasa, jibu ambalo mwombaji angelitoa, na namna jibu hilo lingeweza kuubadilisha uamuzi. Maelezo yake mapya yawekwe katika hati ya kiapo. Angalia pia kama afisa alipima tu hofu ya kuteswa kwa mujibu wa Mkataba wa Wakimbizi wa Umoja wa Mataifa wa 1951 akauacha Mkataba wa Wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa 1969, unaowahusu pia waliokimbia uvamizi au matukio yanayovuruga vikali utulivu wa umma.

Kamati ikikataa, njia inayofuata ni Mahakama Kuu, ambayo kwa kawaida haisikilizi shauri la mtu aliyeiruka rufaa ya ndani, isipokuwa pawepo mazingira ya kipekee. Kwa sababu hiyo, unapowasilisha rufaa, hakikisha nakala yako imepigwa mhuri wenye tarehe. Mwombaji aitunze nakala hiyo pamoja na hati yake ya mwomba hifadhi, kwani ndiyo atakayomwonyesha polisi akiulizwa kwa nini bado yuko nchini.